Kuvuka Vestfjorden kwenda Lofoten

Feri kutoka mji wa Bodø, kaskazini mwa Norwei, hadi Moskenes, katika visiwa vya Lofoten, huchukua saa tatu hadi nne. Nilivuka mwezi Machi, msimu wa skrei ukiwa umepamba moto. Ni samaki wakubwa wa nyama nyeupe, wanaoshuka kila mwaka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga huku. Kabla ya injini, wavuvi wa Norwei waliwafuata kwa mashua za wazi, kwa makasia na tanga moja la mraba. Upepo ukichafuka ghafla, wengi hawakurudi.

Katika vifo hivyo ndimo alimotokea draugen, mzuka wa mvuvi aliyekufa maji asizikwe, kichwa chake fungu la mwani, chombo chake nusu ya mashua. Husimuliwa kwamba mtu mmoja alikwenda bandani kuchota pombe mkesha wa Krismasi, akamkuta draugen, akampiga teke. Mizuka ya baharini ikamfukuza mpaka makaburini, naye akawaita maiti wa nchi kavu wamwokoe. Kulipokucha, makaburi yalikuwa yametapakaa mwani na mbao za majeneza. Sijasikia kisa kinachoeleza vizuri zaidi uchungu wa kukosa maiti ya kuzika.

Kusini ya kijiji cha Å, barabara inapoishia, kuna mkondo wa Moskstraumen, uliochorwa na kasisi Mswidi Olaus Magnus kwenye ramani yake ya 1539. Maji yakijaa na kupwa hupita kwa nguvu juu ya mwamba wa chini usio na kina kirefu. Hatari huzidi wakati wa bamvua, hasa upepo ukikabiliana na mkondo, kwani mawimbi husimama wima.

Vijijini, vichanja vya miti vimejaa samaki. Hutumbuliwa, hukatwa kichwa, kisha wawili wa ukubwa mmoja hufungwa mikia pamoja na kutundikwa bila kugusana, maana wanapogusana huoza. Hawatiwi chumvi hata chembe, tofauti na ng'onda wetu. Baridi ya karibu nyuzi sifuri na upepo ndivyo vinavyokausha. Baridi ikizidi, barafu hupasua nyama. Joto likiwahi, nzi hutaga. Hukaa nje kuanzia Februari hadi Mei, kisha huanikwa ndani miezi mingine. Kilo tano hubaki kama moja tu. Watoto hukata ndimi za samaki kwa malipo, kichwa kikiwa kimechomekwa kwenye msumari mrefu. Samaki mzuri hununuliwa zaidi na Italia; vichwa vilivyokaushwa hupelekwa Nigeria kuungwa kwenye mchuzi.