Jinsi nilivyouondoa mstari wa ziada wa kilodaltoni 42

Kingamwili niliyokuwa nikiitumia, ya kutambua protini inayoshika maltosi (aina ya sukari), iliitambua vizuri protini yangu, ambayo nilikuwa nimeiunganisha na protini hiyo, lakini kwenye utando uliohamishiwa protini zilizotenganishwa kwa ukubwa (western blot) ulijitokeza pia mstari wa pili, mweusi na mpana, karibu na kilodaltoni 42 (kilodaltoni ni kizio cha uzito wa protini). Huenda protini ilikuwa ikikatika, kwa kuwa kipande kinachobaki, yaani protini inayoshika maltosi peke yake, huwa na ukubwa huohuo. Hata hivyo, bakteria wasio na plasmidi yoyote (DNA ya duara inayotumiwa kuwaingizia jeni), niliowapima sambamba, walitoa mstari uleule. Basi kingamwili haikuwa na kasoro: ilikuwa ikiiona protini inayoshika maltosi ya bakteria wenyewe, Escherichia coli, inayotokana na jeni yao malE. Kipimo hicho cha ulinganisho, kwa maoni yangu, hakifai kuachwa kamwe.

Kwa kuwa glukosi huzuia jeni za maltosi zisifanye kazi, niliongeza gramu 2 za glukosi katika kila lita ya chakula cha bakteria, na mstari ukafifia sana. Kisha nilihamia kwenye aina ya bakteria iliyofutwa jeni malE, na hapo ukabaki mstari wa protini yangu peke yake.