Maji ya Bamvua, Kunduchi

Julai 2009, siku ya pili baada ya mwezi kutimia, tulishuka ufukweni Kunduchi kupima mchanga kabla bahari haijaujia. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa imevuma siku kadhaa bila kulegea. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hupwa na kujaa kupita kawaida, pwani ya Dar es Salaam maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na tofauti yake hupita mita 3. Saa nne ni ya kupima, saa kumi ni ya kutazama.

Vifaa vilikuwa fito mbili za mita 1.5 zenye alama za sentimita, na kamba ya mita 2 kati yake. Aliye upande wa nchi kavu hulinganisha ncha ya ufito wa mbele na mstari wa bahari na mbingu. Mstari huo unapokata ufito wake ndipo anaposoma mchanga umeshuka kiasi gani. Kisha zote husogezwa mbele, hatua kwa hatua, mpaka majini. Kinachoharibu kazi ni ufito wa mbele kuzama kwenye mchanga mbichi. Ukizama sentimita 3 kila hatua, katika hatua 20 hesabu imepotoka sentimita 60. Dawa yake ni kibao kidogo cha mraba kilichopigiliwa chini ya kila ufito.

Jioni maji yalipojaa tulihesabu mawimbi kwenye mti uliosimikwa majini. Unaanzisha saa kilele cha kwanza kinapopita, unaisimamisha kwenye cha kumi na moja, unagawa kwa kumi. Tulipata sekunde 7. Namba hiyo moja inaeleza mengi. Kule kilindini urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele ni 1.56, namba isiyobadilika ya maji ya kina, mara 7 mara 7, yaani kama mita 76, na mwendo wake ni karibu kilomita 39 kwa saa. Kinachosafiri ni nguvu iliyotoka kwenye upepo. Maji yenyewe huzunguka tu karibu palepale. Kumbi la nazi lililokuwa likielea nje ya povu lilipanda na kushuka, na halikuja na wimbi.

Wimbi la namna hiyo huanza kuihisi sakafu ya bahari penye kina cha nusu ya urefu wake, hapa mita 38. Kuanzia hapo hupunguza mwendo, vilele hukaribiana, kimo hupanda. Kina kikibaki kama mara 1.3 ya kimo chake, huvunjika. Ndiyo maana bamvua linatisha kuliko upepo peke yake: maji yakipwa, mawimbi hufia mbali kwenye miamba na mafungu, yakijaa hupita juu yake na kuja kuvunjikia kwenye ufuo wenyewe.

Kisiwa cha Mbudya, kilicho mbele ya Kunduchi, kiliyapinda mawimbi mengine. Sehemu ya wimbi iliyopita kwenye maji machache ilichelewa, iliyokuwa kilindini ikatangulia, mstari mzima ukageuka. Hata hivyo yalifika ufukweni yakiwa mshazari, kutoka upande wa kusini. Tulirusha chungwa kwenye povu. Kwa dakika moja lilisogea mita 18 kuelekea kaskazini. Mchanga uliotibuliwa ulifuata njia hiyohiyo: wimbi huupandisha mshazari, maji yakirudi huushusha moja kwa moja, na kila pigo huusogeza kidogo.

Asubuhi tulipima tena. Penye ufuo mtupu palikuwa na ukingo wa mchanga uliokatwa wima, wa kufika magotini, na fungu jipya mbele yake majini. Mchanga ule haukuwa umepotea wote. Penye ukuta wa saruji wa kiwanja kimoja hali ilikuwa mbaya zaidi. Ukuta huyarudisha mawimbi na nguvu zake, nayo huchimba chini ya miguu yake. Sehemu ya ukuta ilikuwa imelala. Waliokusanyika walisema bahari imeusukuma, lakini ulikuwa umeangukia baharini! Msingi ulikuwa mfupi kuliko shimo lililochimbika, kifusi cha nyuma kikavuja kwa chini, na maji yaliyoruka juu ya ukuta yakakosa pa kutokea, kwa kuwa haukuwa na vitundu. Uzito wa maji hayo ndio uliouangusha. Ukuta wa aina hiyo unahitaji msingi unaopita kina cha mchimbo, vitundu vya kutolea maji, na kitambaa cha kuchujia nyuma yake ili mchanga usitoroke.

Januari, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiwa imeshika na mawimbi yakiwa madogo, tulirudi na fito zilezile. Penye ufuo mtupu, mchanga wa lile fungu ulikuwa umepanda tena na ukingo umejaa karibu wote. Mbele ya ukuta haukurudi. Upande wa kaskazini wake pia ufuo ulikuwa umerudi nyuma, na mito inayoulisha, kama Tegeta na Mbezi, ilikuwa ikichimbwa mchanga wa kujengea kabla haujafika baharini.