VPN ya kazini kwa ruta ya laini hapa Kigoma
Jamani mnaofanyia kazi nyumbani kwa ruta ya 4G, hii iwafikie. VPN ya ofisi, ile njia salama ya kuingia mtandao wa kazini ukiwa nyumbani, ilikuwa inaunganika vizuri tu, meseji zinaenda, ila ukifungua faili kubwa inaganda mpaka unakata tamaa, na ukizima VPN YouTube inacheza bila shida yoyote. Kumbe ni MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti (vile vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni), kawaida baiti 1500, sasa VPN inaongeza mzigo wake juu na mtandao wa simu nao una wake, zile pakiti kubwa zinapotea njiani kimyakimya. Kijana wa IT kaishusha mpaka 1300, saa hizi nipo Mwanga hapahapa Kigoma natuma ripoti zinaenda fasta, nimefurahi sana aisee. Waambieni wa IT wenu wajaribu hiyo kabla hamjanunua ruta nyingine.