Kilomita 80 na namba ya baba

Jana tuliendesha baiskeli Kampala hadi Jinja, kilomita 80 hivi, kuwakumbuka polisi waliofia kazini. Wengi wetu ni watoto wa kambi za polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kazi, ndiyo maana njia nzima stori zilikuwa za Kiswahili tu. Kila mmoja alifunga kwenye usukani kitambaa chenye namba ya kazi ya askari wake aliyefariki. Mimi ya baba.

Namawojjolo, soko la kando ya barabara, tukala kuku wa kijiti na gonja, yaani ndizi za kuchoma (nilikula vijiti viwili, sioni haya). Ndani ya msitu wa Mabira malori yalitupita karibu hadi baiskeli ikayumba.

Tulipofika Mto Nile, mzee mmoja mstaafu akapaza sauti: “Mguu sawa!” Tukasimama wima na kaptula zetu za kubana. Kitambaa kimelowa jasho, namba bado inasomeka.