Kutunza kadi za wachezaji katika hewa ya Mbeya

Maelekezo mengi ya kutunza kadi za wachezaji, zile kadi ndogo zenye picha za wanamichezo ambazo watu hukusanya, yameandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, ambao nyumba zao hupashwa joto au kupoozwa kwa mitambo mwaka mzima. Wanapoagiza kadi zikae katika nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50, wao wanageuza kitufe tu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna kitufe hicho, ingawa kwa upande wa joto tumejaliwa, kwa kuwa Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ni nadra nyumba yenye dari kuwa na joto la kudhuru karatasi. Shida yetu ni unyevu, ambao hupanda tangu mvua zinapoanza mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha ukashuka kidogo kidogo mpaka Septemba na Oktoba, wakati upepo wa vumbi unapokausha hata midomo.

Karatasi hunyonya unyevu na kuutoa kadiri hewa inavyobadilika, na kila inapofanya hivyo hutanuka au hunywea. Kadi ya kawaida, yenye upana wa takriban milimita 64 na urefu wa takriban milimita 89, huvumilia kwa sababu pande zake mbili hutanuka kwa pamoja. Kadi ya kung'aa haina bahati hiyo: usoni ina tabaka la plastiki au metali lisilonyonya maji, mgongoni ina karatasi inayonyonya, kwa hiyo wakati wa masika mgongo hutanuka na kadi hujikunja kuelekea usoni, na kiangazi hujikunja kuelekea mgongoni. Mtu akiiona imepinda huikandamiza chini ya vitabu vizito, akaridhika kwa wiki kadhaa, lakini hewa ikibadilika nayo hurudia kupinda.

Kwa sababu hiyo, naamini kwamba siku ya kufunga boksi ina uzito kuliko boksi lenyewe. Boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, la aina inayouzwa katika soko la Mwanjelwa kwa ajili ya kuhifadhia vyakula, huzuia hewa ya nje isiingie kwa urahisi, lakini pia huifungia ndani hewa iliyokuwamo wakati wa kufunga. Ukilifunga Februari, mvua ikinyesha, umezifungia kadi zako masika yote. Mimi hupanga kadi zangu mwezi wa Julai au Agosti, mchana wa jua, baada ya kuziacha kadi na boksi wazi chumbani kwa saa kadhaa mpaka kipima unyevu kisome karibu na asilimia 50. Kipima hicho cha kidijitali ni kidogo na bei yake si kubwa, na kama una fedha ya kununua kifaa kimoja tu, nunua hicho kabla ya makava ya kifahari.

Kuhusu silika jeli, yaani punje zinazonyonya unyevu, wengi hutumia vipakiti vinavyokuja na viatu. Muuza viatu ninayemfahamu hunihifadhia, na akiniona huniita, "Mwalimu, vile vipakiti vyako vipo." Nashukuru, lakini navihesabu kuwa vimeshajaa maji tangu njiani, hivyo humimina punje zake katika sufuria isiyopikiwa chakula na kuzipasha kwa moto mdogo mpaka zikauke. Zile za rangi ya buluu sizipashi jikoni hata kidogo, kwa kuwa rangi hiyo mara nyingi hutokana na chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Wapo wanaopendekeza mchele mkavu badala ya silika; mchele hunyonya unyevu kwa kiasi kidogo sana na huwakaribisha fukusi.

Tranka la bati, ambalo karibu kila aliyesoma shule ya bweni analo, linavutia kwa sababu lina kufuli na panya hawalitoboi. Ubaya wake huonekana Juni na Julai, ambapo usiku bati hupoa haraka na unyevu wa ndani hugeuka kuwa matone kwenye mfuniko, hasa tranka likiwa juu ya sakafu ya saruji au limegusa ukuta wa nje. Ukilitumia, weka boksi la plastiki ndani yake, na tranka lenyewe liinuliwe juu ya vipande vya mbao karibu na ukuta wa ndani. Masanduku mapya ya mbao za paini kutoka upande wa Mafinga ni mazuri kwa macho, lakini mbao hizo hutoa utomvu na mvuke wenye asidi, na zisipokaushwa vizuri huja na unyevu wake zenyewe.

Kadi yenyewe ianze kwa kuvikwa kifuko laini cha polipropilini, aina ya plastiki isiyo na vilainishi, ndipo iingizwe katika kava gumu. Plastiki ya kuogopwa ni PVC laini, ile yenye harufu kali ya kitambaa kipya cha plastiki cha mezani, kwa sababu vilainishi vyake huvuja taratibu na kunata kwenye wino. Albamu za picha zenye kurasa za gundi ziepukwe kabisa, pamoja na mipira ya kufungia noti, ambayo hukata kingo. Ukipendelea faili, chagua lenye ringi za umbo la herufi D, kwani ringi za duara huzikandamiza kadi za kurasa za mwanzo na za mwisho.

Jambo moja huniudhi kuliko yote nayo ni kulaminisha. Steshenari zetu hulaminisha vyeti kila siku, kwa hiyo mzazi mwenye nia njema huona ni busara kuifanyia kadi ya mtoto vivyo hivyo. Gundi ya moto ikishashika haibanduki bila kuchana uso, na kwa wakusanyaji kadi hiyo imeharibika. Hali ya kadi ndiyo bei yake: mwezi wa Agosti 2022, kadi ya mwaka 1952 ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya Topps iliuzwa dola za Marekani milioni 12.6 kwa kuwa ilikuwa karibu kamilifu, ilhali nyingine za toleo hilohilo zilizochakaa hupata sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Mende na mchwa nawazuia kwa usafi na kwa kuinua boksi kutoka sakafuni. Naftalini siiweki ndani, kwa kuwa mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki ngumu. Dirishani siweki kadi yoyote, maana jua la miinuko huwa na mionzi mikali zaidi na wino mwekundu hupauka mapema. Masika nafungua boksi kwa nadra, na mtoto akitaka kumwonyesha mwenzake kadi fulani mimi humpa ile ya marudio, yaani niliyo nayo zaidi ya moja, ambayo hukaa sebuleni katika boksi la viatu bila masharti yoyote.