Kilo zilezile, gauni jingine

Kilo 74. Ndizo nilizokuwa nazo masika yaliyopita nilipoanza kunyanyua vyuma, na ndizo nilizonazo leo. Yule kijana anayekaa na mzani wake karibu na kituo cha daladala ameshanizoea. Nikipanda tu, kabla mshale haujatulia, anatangaza "sabini na nne, dada", kisha anapokea sarafu yake na kugeukia mteja mwingine.

Kwa hesabu za mtaani, mimi nimekwama. Anayefanya mazoezi sharti apungue, na asipopungua basi ama anakula usiku kwa kujificha, ama jimu anakwenda kupiga picha tu. Kuna mwenzangu ofisini huniuliza kila Jumatatu "vipi, kilo ngapi sasa?", nami namtajia namba ileile. Ananiangalia kwa huruma, kama vile nimemwambia mshahara haujaingia.

Aliyeniletea habari tofauti ni fundi cherehani. Nilimpelekea kitenge cha sare, tuna kichenpati ya binamu mwezi ujao. Ni fundi wa zamani, ana daftari la mistari lililolika kona, kila mteja na ukurasa wake, na vipimo vyote kwa inchi. Akanizungushia futi kiunoni, akaandika, akasita. Akapekua nyuma mpaka ukurasa wangu wa mwaka jana, akaweka kidole. Kiuno kilikuwa 36, leo 33 na nusu. Hipsi 44, leo 43. Bega kwa bega 15, leo 15 na nusu. Mduara wa mkono palepale.

"Dada, ulikuwa unaumwa?"

"Hapana fundi, mzima kabisa."

Akapima tena kiuno, safari hii akilegeza futi kwa vidole viwili kama wafanyavyo mafundi wasiotaka lawama baadaye. Ikagota 34. Akavua miwani. "Basi huku umepungua, huku umeongezeka. Mwili wako umehama nyumba."

Nimeitafakari kauli hiyo wiki nzima, maana ndivyo ilivyo. Mafuta yamepungua, msuli umeongezeka, na kwa kuwa vimekwenda karibu sambamba, mzani hauna la kusema. Mzani unajua jumla tu. Mfupa, maji, pilau ya jana, vyote kwake ni kilo. Mimi mwenyewe napanda na kushuka kilo moja au zaidi kulingana na chumvi niliyokula na siku za hedhi, na hakuna hata gramu ya mafuta iliyohusika hapo.

Ila kuna maelezo moja yanayozunguka sana mtandaoni ambayo siyakubali kirahisi, kwamba msuli ni mzito kuliko mafuta. Kilo ni kilo. Kinachotofautiana ni nafasi inayochukuliwa: lita moja ya mafuta ya mwilini ina gramu kama 900, lita ya msuli kama 1,060. Tuseme nimetoa kilo tatu za mafuta na kuweka kilo tatu za msuli (hiyo tatu ni ya kufanyia hesabu tu, hakuna mashine iliyonithibitishia). Zile za mafuta zilikuwa lita 3.3, hizi za msuli ni lita 2.8. Tofauti ni nusu lita, chupa ndogo ya maji. Nusu lita haiwezi peke yake kuniondolea inchi mbili na nusu za kiuno. Kilichofanya kazi kubwa ni mahali. Mafuta yametoka tumboni na mbavuni, msuli umekaa mapajani, makalioni na mgongoni. Fundi hakuhitaji hesabu yoyote kuliona hilo.

Jambo la pili linanifurahisha zaidi, na sijui kwa nini halisemwi. Watu hudhani uzito usipobadilika, maana yake unachokula kinalingana na unachotumia. Si lazima. Kilo ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700. Kilo ya msuli, ambao karibu robo tatu yake ni maji, haifikii hata theluthi ya hizo. Kwa hiyo mwenye kubadilisha kilo tatu kwa tatu ameshakula akiba yake kwa kalori zaidi ya 15,000, na wakati wote huo mzani unamwambia hakuna kilichotokea. Nyama uzembe zilikuwa zinalipia ujenzi.

Na zinapoondoka haziendi kuwa msuli, hizo ni tishu mbili tofauti. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu ya mafuta huenda wapi: katika kila kilo 10 zinazochomwa, kilo 8.4 hutoka kwenye pumzi kama kaboni dayoksaidi, na 1.6 zinazobaki huwa maji. Tangu nisome hivyo, nikihema baada ya seti ya skwati huwa najiambia hayo yanakwenda, yaende salama.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Skwati, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kusukuma juu ya kichwa, kuvuta. Kocha anaongeza uzito kidogo kidogo, na siku nikidai kimeshakuwa chepesi anaongeza bila kuniangalia usoni. Faida nimeiona nyumbani zaidi kuliko kwenye kioo. Mtungi mkubwa wa gesi, ule wa kilo 15, ukiwa umejaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake. Zamani nilikuwa namlipa kijana wa bodaboda anipandishie ghorofani. Mara ya mwisho nilimwachia pikipiki yake chini nikapanda nao mwenyewe, yeye akinifuata nyuma mikono mbele, tayari kudaka. Hakudaka kitu.

Chakula ndicho kilichonipa kazi. Sahani yetu ya mchana inajulikana: mlima wa wali, vipande viwili vya nyama, mchicha pembeni kwa adabu. Sasa nikifika kwa mama ntilie naomba wali nusu na maharage mara mbili, na dagaa kama wapo.

"Leo wali umekukosea nini?" aliniuliza siku za mwanzo, mwiko ukiwa hewani.

"Haujanikosea mama, nataka nguvu."

"Nguvu iko kwenye wali!" Foleni yote ikamuunga mkono. Bei akaniachia ileile na wali akanipunguzia shingo upande. Siku hizi akiniona kwa mbali anaanza kuchota maharage.

Ninachotafuta ni protini. Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 49 zenye watu zaidi ya 1,800, ulionyesha kwamba kwa wanaonyanyua vyuma, faida ya kuongeza protini hufikia ukomo kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwangu ni gramu 118. Mayai matatu asubuhi yananipa 18, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, konzi nzuri ya dagaa wakavu inasogea kwenye 25, halafu kuna samaki au kuku wa jioni. Siku nyingine nafika, siku nyingine nabaki kwenye 90. Yale makopo ya unga wa protini wanayoyatangaza sijayanunua, kwa bei ile naona heri dagaa wa Mwanza.

Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada, la 2016, ambalo kocha hupenda kulitaja. Vijana wa kiume walipunguziwa chakula kwa asilimia 40 kwa wiki nne huku wakifanyishwa mazoezi makali siku sita kwa wiki. Waliopewa gramu 2.4 za protini kwa kilo walitoa wastani wa kilo 4.8 za mafuta na wakaongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Waliopewa nusu ya protini hiyo walitoa 3.5, na misuli yao ikabaki karibu ilivyokuwa. Inatia moyo, lakini mimi si kijana wa Kanada anayeandaliwa kila mlo. Mimi nina foleni ya Bagamoyo Road. Nimechukua kanuni, mateso nimewaachia wenyewe.

Usingizi ndio unaonishinda. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago waliwaweka watu 10 kwenye mlo wa kupunguza mwili kwa siku 14 wakiwa wamepangiwa saa 8 na nusu za kulala, na siku 14 nyingine kwa saa 5 na nusu. Kilo walizopoteza zilikaribiana, kama tatu kila awamu. Ila kwenye usingizi mrefu mafuta yalikuwa kilo 1.4, kwenye usingizi mfupi 0.6 tu, iliyobaki ni mwili usio mafuta. Tena mzani haukuona tofauti. Nimeisoma hiyo saa sita usiku, nikiwa na simu usoni.

Jumapili nilikwenda kumsalimia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hee! Mbona umekwisha hivyo? Una mawazo?"

"Sina, shangazi. Kilo zangu zilezile."

"Kilo zipi? Mashavu yako yako wapi?"

Nikamkunjia mkono aone msuli. Akaubonyeza, akacheka, halafu akaniongezea ndizi na nyama mpaka sahani ikafurika. Kwake kupungua ni maradhi au mume mbaya. Kwa mwenzangu wa ofisini kutopungua ni uvivu. Mwili ni huuhuu mmoja, na wiki ni hiyohiyo.

Kisha kukawa na kipimo cha afya cha mwaka. Nesi akanipima urefu, mita 1.63, akagawa kilo zangu kwa urefu uliozidishwa kwa urefu (ndiyo BMI), akapata 27.9, akaandika "uzito uliozidi", neno kwa neno kama mwaka jana. Nikamwomba anipime na kiuno, kwa sababu Shirika la Afya Duniani huweka alama ya hatari kubwa kwa mwanamke kwenye sentimita 88. Mwaka jana nilikuwa kama 91, sasa niko 85. Hata hivyo bado nimevuka 80, ambayo ni alama ya kwanza, kwa hiyo kazi haijaisha. Akafungua droo mbili kutafuta futi, hakuiona, tukaendelea na presha.

Kocha ananiambia mteremko huu una mwisho. Wanaoweza kujenga na kupunguza kwa wakati mmoja kwa urahisi ni wageni wa vyuma, waliorudi baada ya kuacha, na wenye akiba ya kutosha mwilini. Mimi niliingia na sifa mbili kati ya hizo, na moja inaisha muda wake. Mbele ya safari itabidi nichague msimu wa kuongeza au msimu wa kupunguza. Sijachagua. Kwanza nashona gauni, na nimemwambia fundi aache nafasi ya kutosha kwenye mishono ya mabega.