Chifu kwenye kiti cha Spika

Nimetoka Kalenga mchana huu, pale makumbusho ya Mkwawa, mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini.

Wenzangu wote walijazana kwenye fuvu la Mkwawa mwenyewe, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.
Mimi nikabaki namuwaza mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Yeye ndiye aliyekuwa chifu wa Wahehe fuvu la babu yake liliporudi kutoka Ujerumani, Juni 1954. Mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge la Tanganyika.

Sasa sikilizeni hii.

Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Bungeni. Na Spika wa Bunge hilo alikuwa nani?

Chifu!

Hapo nimeganda, jamani. Najaribu kuuona uso wake kipindi kile, nashindwa. Na wala hakususa: ukiacha 1973 hadi 1975, alikalia kiti kile mpaka 1994. (Wengine humu tukinyimwa uenyekiti wa mtaa tunanuna mwaka mzima.)

Wenye wazee walioishi Iringa enzi hizo, hebu waulizeni mtuambie: akirudi nyumbani waliendelea kumwita Chifu, au alishakuwa Mheshimiwa Spika?